Pimeni diko kabla ya kupima viwanja

Mimi daraja nalitaka. Naanza na hilo ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wapinga maendeleo kabla sijafika mbali. Mtu anayeishi kusini mwa Mto Pangani na kula yake ni dagaa, atalichukiaje daraja? Kila mwenye mzigo upande wetu anaijua foleni ya kivuko pale Bweni. Anajua kukaa juu ya magunia huku jua linakwenda, mji anauona ng'ambo, hata sauti ya muadhini anaisikia, na kufika hafiki. Barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja lake la mita 525 juu ya mto wetu, ni kitu ambacho wazazi wetu walikisikia kwenye kampeni za uchaguzi mmoja baada ya mwingine mpaka wakazikwa nacho. Acha kije.

Ninachokiogopa kinakuja nyuma ya lami, na kimeshaanza kufika. Siku hizi ukikaa barazani unaona magari usiyoyajua yakiteremka kuelekea ufukweni. Wanashuka watu wawili watatu, mmoja wa kwetu anayewaongoza na wengine wenye viatu vya ngozi, wanatembea juu ya mchanga huku wakihesabu hatua na kutazama simu. Bahari hawaitazami sana, wanatazama upana. Baada ya muda vinaota vijiti vyenye rangi nyekundu kichwani, halafu bikoni za saruji, halafu seng'enge.

Sina ugomvi na mtu kununua ardhi kwa haki. Ninalotaka kusema ni hili: Halmashauri ya Wilaya ya Pangani na vijiji vyake vyote vya pwani, kuanzia mpaka wetu na Tanga hadi huko Mkwaja, viyapime na kuyaandika madiko ya wavuvi na njia za kuyafikia, kabla hakijapimwa kiwanja kingine hata kimoja cha ufukweni. Diko kwanza. Kiwanja kitafuata, bahari haihami. Ingawa hata hilo la bahari kutohama si kweli sana, nitalirudia.

Tazama pwani yetu ilivyo. Kaskazini ya mdomo wa mto inaanza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia nzima walikuwa wakimsikia Comoro na Afrika Kusini, na sisi tukawa tunamnasa kwenye majarife ya papa bila kujua thamani yake. Kusini kabisa kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, tembo anafika mpaka mchangani. Katikati kuna mashamba makubwa ya mkonge ya tangu enzi za wakoloni, kuna mashamba ya chumvi, kuna hoteli za Ushongo. Hifadhi zina ramani na tangazo la serikali. Mkonge una hati. Hoteli zina hati. Kila mmoja ana karatasi yake kabatini. Diko ambalo watu wameshushia samaki tangu kabla ya hao wote halina hata barua. Linajulikana tu. Na kujulikana tu, mbele ya mtu mwenye bikoni, hakukusaidii kitu.

Labda niseme diko ni nini, maana naona hata baadhi ya wataalamu wanaotutembelea wanadhani ni mahali pa kuegesha ngalawa. Wakiona mitumbwi minne na boti mbili wanakadiria: haya, mita 30 zinawatosha. Mita 30 zinamtosha mvuvi wa mshipi anayerudi na changu watatu na tasi mmoja. Dagaa ni habari nyingine.

Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za umeme wa jenereta au betri, zinaning'inizwa juu ya maji mpaka dagaa wakusanyike, ndipo nyavu ya ringi inawazunguka. Boti zinarudi alfajiri. Mnada unafanyika hapohapo mchangani, dalali anapiga bei kwa ndoo, na bei ya ndoo ya kwanza haifanani na ya ndoo ya mwisho. Ukishanunua, saa yako imeanza kuhesabu. Dagaa mbichi hana subira. Ukimchelewesha jua likapanda, tumbo linapasuka, na dagaa aliyepasuka tumbo utamwanika lakini mnunuzi atamtupa pembeni kama hakumwona.

Kwa hiyo majiko lazima yawe karibu. Masufuria yetu ni makubwa, mtoto wa darasa la 2 anaweza kukaa ndani. Tunatia maji ya bahari, tunaongeza chumvi, tunachochea mpaka yachemke kwelikweli. Dagaa wanawekwa kwenye kreti za plastiki zenye matundu, wanazamishwa, wanatikiswa kidogo wasishikamane, wanatolewa. Wakikaa mno wanakatika vichwa, wakikaa kidogo wanaoza kwa ndani. Kuna akina mama wanaojua muda huo kwa kusikiliza tu jinsi maji yanavyotulia baada ya kreti kuingia. Mimi mpaka leo natazama macho ya dagaa, yakiwa meupe natoa. Wakishachuja maji wanamwagwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini au kwenye vichanja, na hapo ndipo panapohitaji nafasi. Kila ndoo moja ya dagaa waliochemshwa inataka kutandazwa wapate upepo, mmoja asimlalie mwenzake. Usiku mzuri wa uvuvi, wanawake wa diko moja wanaweza kujaza uwanja ambao timu mbili za mpira wa miguu zingetosha kuchezea. Kisha kuna kugeuza, kuna kufukuza kunguru, kuna kupepeta mchanga, kuna magunia, kuna gari la kubeba magunia. Dagaa huyo akifika Tunduma anavuka, analiwa Kongo, na watoto wetu wananunuliwa sare za shule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ofisini huwa halisemwi, na nadhani hasa ni kwa sababu ofisini hakuna anayevua. Dagaa wanavuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina kazi. Wanaume wanashona nyavu na kucheza bao, sisi tunalipa madeni au tunawakwepa wanaotudai. Giza likiingia ndipo diko linapojaa. Na giza la mwezi mwandamo linakuja pamoja na bamvua: maji yanatoka mbali na yanarudi mbali. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, nyongeza au pungufu kidogo. Maana yake ni kwamba siku zilezile tunazopata dagaa wengi kuliko siku zote ndizo siku ambazo bahari inatuachia mchanga mdogo kuliko siku zote. Tunaanika asubuhi maji yakiwa yanatoka, na ifikapo jioni, dagaa hawajakauka sawasawa, bahari imesharudi kudai chake. Ule mchanga mpana wa chini anaoupiga picha mgeni haumsaidii mwanika dagaa hata kidogo. Sisi tunahitaji ule wa juu, mkavu, mbele ya minazi, ambao maji ya bamvua hayaufikii.

Ndio huohuo anaoutaka mwenye hoteli.

Kijiji sitakitaja, maana haja yangu si kumwaibisha mtu na waliohusika bado tunasalimiana. Kulikuwa na diko pale, na njia ya kuteremkia ikipita kati ya minazi, pana ya kutosha gari dogo. Asubuhi moja tumetoka mnadani na ndoo vichwani tukakuta kamba imefungwa mnazi hadi mnazi, na kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Kamba ya nini?”

“Njia imefungwa. Wamesema mpite kule juu, kwenye korongo.”

Kijana mwenyewe ni mtoto wa shoga yangu, nimemnywesha uji. Aliona haya hata kunitazama usoni. Tukapita korongoni, maji ya dagaa yakitutiririkia mgongoni, na siku ile nusu ya mzigo wa wenzangu waliokuwa nyuma ulifika jikoni umekwisha. Kamba ikawa seng'enge, seng'enge ikawa ukuta. Uwanja wa kuanikia ulikuwa ndani.

Nilikwenda kuomba kusoma muhtasari wa kikao kilichopitisha ule ugawaji. Hawakuninyima, niwape haki yao. Uwanja wetu ulikuwa umeandikwa “eneo wazi lisilo na matumizi.” Nikamuuliza kiongozi mmoja, mtu mzima, baba yake alikuwa nahodha: Mzee, hili ni eneo lisilo na matumizi? Akasema walikwenda kulikagua kwa miguu yao, wakazunguka lote, hawakukuta mtu wala kitu isipokuwa majivu. Nikamuuliza walikwenda lini. Akafikiri, akataja siku. Nikahesabu kwa vidole mbele yake: ilikuwa mwezi 14. Mwezi mpevu. Mtoto wa nahodha amekwenda kutafuta wachemsha dagaa siku ya mbalamwezi! Alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Watu wananiambia, mama, si kuna sheria ya mita 60? Ipo. Ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani au kingo za mito. Ni sheria nzuri na ningependa iheshimiwe zaidi ya inavyoheshimiwa. Lakini haikuandikwa kwa ajili yetu. Kwanza, inamkataza mtu kujenga. Haimpi mvuvi haki ya kuteremka. Mwenye kiwanja anaweza kuanza ukuta wake mita ya 61, akaufunga upande wote wa nchi kavu, na akawa hajavunja kitu. Mita 60 zinabaki wazi kabisa, ila hazina mlango. Pili, na hili linaniuma, ofisa mwenye nia ya kuisoma kwa ukali anaweza kuyatazama majiko yetu yenye moshi na majivu akasema ndiyo hayo yanayoharibu ufukwe. Tukawa sisi ndio wa kwanza kuondolewa na sheria tunayoishika kama ngao.

Kinachotufaa kiko kwenye sheria nyingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Humo kijiji kinaruhusiwa kutenga ardhi ya jumuiya, ile ya watu wote kwa pamoja, ikaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji na ikaingizwa kwenye daftari. Ikishatengwa hivyo, haigawiwi mtu binafsi. Malisho yanatengwa hivyo, misitu inatengwa hivyo, makaburi vilevile. Nimeona mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji yenye rangi nzuri: kijani kwa msitu, njano kwa kilimo, buluu kwa bahari. Kati ya njano na buluu kuna mstari mmoja mwembamba mweusi. Sisi tunaishi ndani ya unene wa mstari huo, na mchora ramani hakuupa rangi.

Mkutano mkuu nao una matatizo yake. Unaitishwa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi wakati wa giza mimi niko kwenye sufuria, na mume wa jirani yangu ndiyo kwanza amelala. Wanaohudhuria ni wenye nafasi, na wenye nafasi mara nyingi ni wale ambao ardhi kwao ni kitu cha kuuza, kwa sababu baharini hawashuki. Tena kuna wageni wetu wa dago, wavuvi kutoka Unguja na Pemba wanaokuja msimu kwa msimu. Kipumbwi ya kwetu na Mkokotoni ya Unguja ni majirani kuliko Kipumbwi na Handeni. Watu wamevushana, wameoana, wamezikana. Mvuvi wa dago hana kura kwenye mkutano wa kijiji, na sidai apewe. Lakini boti yake ndiyo inayoleta ndoo, na ndoo ndiyo inayolipiwa ushuru. Akikosa pa kupiga kambi hatateta na mtu. Atang'oa nanga akashushe kwingine, na ushuru unaondoka naye.

Hapo nataka Mheshimiwa Mkurugenzi na waheshimiwa madiwani wanisikilize vizuri, maana najua lugha ya mapato wanaielewa haraka kuliko ya huruma. Yule kijana mwenye mashine ya POS anasimama wapi alfajiri? Anasimama dikoni. Hawezi kukusanya ushuru wa samaki kwenye korongo. Diko likivunjika wavuvi hawaachi kuvua, wanatawanyika: huyu anashushia mikokoni, yule anashushia usiku kwa taa ya simu, na mashine haina wa kumtoza. Halafu kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kukopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya wanawake wa pwani mradi tunaouandika kwenye fomu ni huu wa dagaa, tutaandika nini kingine. Unamkopesha mwanamke fedha za sufuria na kreti. Hapohapo mchanga wa kuanikia unaingia ndani ya uzio. Mkopo ataulipaje?

Pangani ina historia na mambo haya ya nani anashika mlango wa bahari. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki forodha za pwani hii. Mwezi Agosti wa mwaka huo akaja hapa mtu wao, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipepee na amri yake ifuatwe na liwali. Yaliyofuata kila mwanafunzi amefundishwa: pwani iliwaka, na Abushiri bin Salim aliyeongoza mapambano akanyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Simfananishi mwenye hoteli wa leo na Zelewski, ningekuwa simtendei haki, wengi ni watu wastaarabu na wengine ni Watanzania wenzetu. Nakumbusha tu kwamba mji huu haukuchukia biashara wala wageni hata siku moja, umeishi kwa biashara na wageni. Ulichokataa ni kuambiwa na mtu aliyefika jana ni nani apite na ni nani asipite.

Nilisema nitarudia suala la bahari kuhama. Wazee wa Ushongo wanakikumbuka Kisiwa cha Maziwe kikiwa na mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa hakipo tena. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Kasa hawajui kwamba kisiwa kimekufa, bado wanakwenda kutaga pale, na watu wanayafuata mayai na kuyahamishia ufukweni Ushongo yasizame. Nikiwatazama wakifanya kazi ile huwa najiuliza kama na sisi siku moja tutapata wa kutuhamisha kwa upole namna hiyo.

Pwani yote inaliwa, si Maziwe peke yake. Kuna minazi niliyokaa kivulini mwake utotoni ambayo sasa mizizi yake inaoshwa na mawimbi. Mto nao umefungwa juu huko, Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani, na mchanga uliokuwa ukiteremka nao kuja kuujaza ufukwe unabaki nyuma ya mabwawa. Kwa hiyo mita 60 za mwaka huu si mita 60 za miaka 20 ijayo. Bahari ikisogea, diko lililo huru linarudi nyuma nayo, kama lilivyofanya siku zote: vichanja vinang'olewa, vinasimikwa hatua kumi juu. Diko lililobanwa na ukuta nyuma yake haliwezi kurudi. Linabaki katikati ya ukuta na maji mpaka linakwisha. Ndiyo maana nasema kutenga diko ni kutenga pamoja na nafasi ya nyuma yake ya kurudi, na hiyo nafasi ni ya leo, kesho itakuwa imeshauzwa.

Najua majibu yatakayokuja. Hoteli zinaleta ajira. Kweli, kijana wa dada yangu ni mpishi kwenye mojawapo na anajenga nyumba ya tofali. Hoteli zinanunua kamba na pweza kwa bei nzuri. Kweli. Wageni hawapendi harufu ya dagaa. Hilo nalo kweli, na hata mimi nikirudi nyumbani wajukuu wananikimbia. Lakini wageni walewale wanakuja kupiga picha ngalawa. Ngalawa bila diko itatoka wapi, itakodishwa? Ushongo wenyewe wavuvi na hoteli wanapishana kwenye mchanga mmoja, mchana mgeni anaogelea, jioni watu wanavuta chombo juu na yeye anakuja kusaidia kuvuta, akicheka. Inawezekana kabisa. Inawezekana vizuri zaidi kila mmoja akijua mpaka wake ulipo na hakuna anayelala akiogopa kamba ya asubuhi.

Na sisi tuna ya kufanya. Majiko yanaweza kujengwa ya kupunguza moshi na kuwekwa upande ambao upepo wa kusi na wa kaskazi hauupeleki kwa jirani. Kuni za mikoko tuache, tusidanganyane kwamba ni matawi makavu tu. BMU zetu, yaani vikundi vya kusimamia fukwe, ziache kuwa muhuri wa kugongea vibali na zijue mipaka ya diko zinalolisimamia. Nimehudhuria vikao ambavyo tulijadili posho kuliko tulivyojadili bahari. Diko likiwa na karatasi, litakuwa na wa kuulizwa pia, na hilo ni sawa.

Utaratibu wenyewe hauhitaji mfadhili. Kijiji kinateua watu wachache, wawemo wanawake wachemsha dagaa, nahodha mmoja mzee, na mtu wa dago aliye msimuni. Wanatembea na ofisa ardhi na ofisa uvuvi wa wilaya, wanaonyesha diko, uwanja wa kuanikia, kisima, njia ya kuteremkia na upana wa gari la mzigo, kambi ya dago. Vinaandikwa vyote, vinapelekwa mkutano mkuu, vinaingia kwenye daftari la ardhi ya jumuiya, na halmashauri inavipitishia sheria ndogo ili mwenyekiti ajaye asivigeuze. Mjini, Pangani Mashariki na Magharibi na Bweni, ambako ardhi inakwenda kwa mipango miji, madiko yachorwe kwenye ramani ya mji kama shule na zahanati zinavyochorwa. Mpaka hilo litakapokamilika, ugawaji wa viwanja vya ufukweni usimame. Nimeambiwa kusimamisha kutawakimbiza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ameombwa asubiri wavuvi wapimiwe njia, akimbie.

Ombi la mwisho ni dogo na ni la kiutendaji. Wapimaji watakapokuja, wasije siku ya mwezi mpevu, na wasichague siku za maji mafu ambapo mchanga unaonekana mwingi. Waje giza la mwezi mwandamo, siku ya bamvua, wafike alfajiri boti zinapoingia na wakae mpaka saa kumi jioni maji yajae, ndipo waweke bikoni. Najua gari la ofisi linataka kurudi saa tisa na nusu. Siku hiyo moja lichelewe. Chakula cha mchana tutawapikia sisi.